Kumrushia mtu kamba ya uokozi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu usemi wa Kiingereza “throw someone a lifeline”

Usemi huu una maana gani hasa?

Katika Kiingereza, “throw someone a lifeline” ni kumpa mtu aliyekaribia kushindwa kabisa msaada utakaomwezesha kujinusuru. “Lifeline” ni kamba ya kuokolea maisha, na picha iliyomo ndani ya usemi huu ni ya mtu aliyezidiwa na mawimbi, huku mwingine aliyesimama mahali salama akimrushia kamba. Anayerushiwa anaweza kuwa mtu mmoja, kampuni iliyoelemewa na madeni, timu iliyo nyuma kwa mabao, chama cha siasa kilichopoteza wafuasi, au hata nchi nzima.

Kuna jambo moja ambalo maelezo mafupi ya kamusi hayalitilii mkazo, nami naliona kuwa ndilo kiini cha usemi huu: kurushiwa kamba si kuokoka. Kamba humpa aliye majini nafasi ya kuokoka, lakini ni lazima yeye mwenyewe aidake, aishike au ajifunge nayo, kisha avumilie kuvutwa mpaka ufuoni. Mfanyabiashara ambaye deni lake lote limelipwa na ndugu yake ametolewa majini na kubebwa hadi nyumbani. Aliyeongezewa miezi sita ya kulipa, akabaki na kazi ya kuuza mali, kupunguza matumizi na kutafuta wateja wapya, ndiye ambaye Mwingereza makini angesema amerushiwa kamba. Historia ya kamba zenyewe, itakayoelezwa katika majibu yanayofuata, inaonyesha kwamba maana hii haikuzuka bure.

Usemi huu hutumika katika mazingira gani?

Hutumika zaidi katika habari za biashara, siasa na michezo. Benki inapokubali kumkopesha mwenye kiwanda ambaye wengine wote wamemkatalia, gazeti la Kiingereza litaandika kwamba imemrushia kamba ya uokozi. Timu iliyofungwa mabao mawili bila majibu, ikapata penalti dakika ya 80, nayo imerushiwa kamba, na mtangazaji hatasema zaidi ya hapo kwa sababu bao moja halitoshi na bado kuna la pili la kutafutwa. Kitenzi nacho hubadilika: kuna kurusha kamba, kuna kuitoa, na kuna kuinyoosha kuelekea kwa mwenye shida. Mara nyingi sentensi huwa katika kauli ya kutendwa, kwa kuwa msikilizaji humtazama zaidi aliyerushiwa kuliko aliyerusha.

Neno hilo likisimama peke yake, bila kitenzi cha kurusha, huwa na maana tofauti kidogo. Kitu kinapoitwa “lifeline” ya watu fulani, maana yake ni kwamba wanakitegemea kila siku, na kikikatika maisha yao yatatetereka. Meli inayopeleka chakula na mafuta kisiwani ni kamba ya namna hiyo, na fedha ambazo mtoto aliye ughaibuni humtumia mama yake kila mwezi ni kamba ya namna hiyo pia. Katika matumizi haya hapana dharura ya ghafla. Kuna utegemezi wa muda mrefu. Mwandishi anayefasiri kutoka Kiingereza hana budi kutambua ni maana ipi kati ya hizi mbili iliyokusudiwa, maana kuzichanganya hupotosha habari nzima.

Neno lenyewe lilianza lini?

Kwa maana ya kamba inayosaidia kuokoa maisha, neno hili linaonekana katika Kiingereza kuanzia mwaka 1700 hivi. Hapo mwanzo halikuhusu sana kurusha. Katika merikebu za matanga, mabaharia walifunga kamba kando ya sitaha na juu kwenye foromali, yaani boriti za kufungia matanga, ili mtu apate pa kushika merikebu inapolala ubavu katika dhoruba. Baadaye wazamiaji nao walikuwa na kamba yao iliyofungwa mwilini, ambayo mwenzao aliye juu aliishika muda wote, na kwa kuivuta walipelekeana ishara. Matumizi ya mafumbo, ambapo kamba haipo bali pana msaada tu, yalianza kushika mizizi katikati ya karne ya 19. Wakati huo katika pwani za Uingereza kurusha kamba kutoka nchi kavu kwenda kwenye merikebu iliyokwama kulikuwa tayari kumekuwa kazi maalumu yenye vifaa, mafunzo na vikosi vyake.

Nani alianza kurusha kamba kwenda kwenye merikebu iliyokwama?

Wazo lilikuwapo kabla ya kutekelezwa kwa ukamilifu. Mwaka 1791 John Bell, mwanajeshi wa kikosi cha mizinga cha Uingereza, alionyesha jinsi mzinga ulio ndani ya merikebu unavyoweza kurusha kamba hadi ufuoni, akatuzwa kwa kazi hiyo. Hata hivyo watu walio katika chombo kinachovunjika, sitaha ikiwa imejaa maji na baruti imelowa, hawana nafasi ya kutayarisha mzinga. Ilibidi wazo hilo ligeuzwe, kamba itoke nchi kavu.

Aliyeligeuza ni George William Manby, aliyekuwa msimamizi wa kambi ya askari katika mji wa Great Yarmouth, mashariki mwa Uingereza. Tarehe 18 Februari 1807 alishuhudia manowari ndogo iliyoitwa Snipe ikikwama katika dhoruba, umbali mfupi tu kutoka ufuoni. Ndani yake walikuwamo mabaharia, wafungwa wa vita Wafaransa, wanawake na watoto. Umati uliosimama mchangani uliwasikia na kuwaona, lakini hapakuwa na mashua iliyoweza kuvuka mawimbi yale, na watu wengi walikufa maji mbele ya macho yao. Manby alikumbuka kwamba ujanani, mwaka 1783, aliwahi kufyatua kamba kwa mzinga mdogo ikapita juu ya paa la kanisa huko Downham, akaona kwamba mchezo ule ungeweza kufanywa chombo cha kuokolea watu.

Kazi haikuwa rahisi, na hapa ndipo ninapomheshimu zaidi, kwa kuwa wazo lilikuwa dogo ukilinganisha na ufundi uliohitajika. Tufe la chuma likitoka kwa kasi katika mzinga mfupi wenye mdomo mpana, kamba iliyofungwa nyuma yake ama iliungua kwa moto wa baruti, ama ilikatika kwa kunyakuliwa ghafla. Alijaribu mnyororo, nao ukakatika. Mwishowe alisuka vipande vya ngozi mbichi ya ng’ombe kwa kukaza, akavitia kati ya tufe na kamba, na ngozi hiyo ikahimili moto na mshtuko. Kisha pakawa na tatizo la kamba kujisokota ikiwa chini, kwa sababu kamba ndefu iliyorundikwa ovyo hufunga fundo kabla haijamaliza kuruka. Akaipanga ndani ya kapu kwa mikunjo ya kwenda na kurudi, tabaka juu ya tabaka, ili kila mkunjo utoke kwa zamu yake. Kwa ajili ya usiku alitengeneza makombora yenye fataki, walio merikebuni wapate kuona kamba inapita wapi.

Tarehe 12 Februari 1808, mwaka mmoja kasoro siku chache tangu maafa ya Snipe, merikebu ya milingoti miwili iliyoitwa Elizabeth ilikwama karibu na ufuo huohuo. Mzinga ukafyatuliwa, kamba ikapita juu ya chombo, walio ndani wakaishika na kuikaza, na mashua ikavutwa kwa kufuata kamba hiyo ikawaleta watu saba wakiwa hai. Inakadiriwa kwamba hadi Manby alipofariki mwaka 1854, watu karibu 1,000 walikuwa wameokolewa kwa chombo chake.

Roketi ziliingiaje katika habari hii?

Mwaka uleule wa 1807, tarehe 29 Desemba, manowari Anson ilivunjika katika ufuo wa Loe Bar huko Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza, na watu wengi walipotea wakiwa karibu sana na nchi kavu. Miongoni mwa walioshuhudia alikuwa Henry Trengrouse, fundi seremala wa samani kutoka mji wa Helston. Yeye aliona kwamba mzinga ni mzito mno kubebwa juu ya majabali na mchanga, na kwamba mwendo wake wa kushtukiza ndio unaokata kamba. Roketi ni nyepesi, na kasi yake huongezeka kidogo kidogo, kwa hiyo kamba haipatwi na mnyakuo mkali. Tena roketi ingeweza kuwekwa sandukuni ndani ya merikebu yenyewe.

Trengrouse alitumia sehemu kubwa ya mali yake katika majaribio haya. Serikali ya nchi yake ilimlipa pauni 50, na Mfalme wa Urusi, Alexander wa Kwanza, alimpelekea pete ya almasi kwa kutambua kazi yake. Alifariki mwaka 1854, mwaka uleule aliofariki Manby. Baada yao John Dennett wa Kisiwa cha Wight aliboresha roketi za uokozi, na mwaka 1865 Boxer, afisa wa jeshi, alileta roketi ya hatua mbili, ambayo sehemu ya pili huwaka pale ya kwanza inapokwisha, ikafika mbali zaidi bila kuitesa kamba. Katika kipindi hichohicho wananchi walianza kujipanga katika vikosi vya kujitolea. Kikosi cha Tynemouth kiliundwa mwaka 1864 baada ya meli ya mvuke iliyoitwa Stanley kuvunjika mlangoni mwa mto Tyne, watu wa mji wakitazama na wengine wakitaka kusaidia bila kujua namna ya kuvitumia vifaa vilivyokuwapo.

Kamba ikishafika kwenye merikebu, nini kilifuata?

Swali hili ndilo linaloufungua usemi wote, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Kamba iliyorushwa ilikuwa nyembamba mno kubeba mtu. Kazi yake ilikuwa kuvuta kamba nyingine. Mabaharia waliokwama, mikono imekufa ganzi kwa baridi, walipaswa kuishika na kuivuta hadi kapi, yaani gurudumu la kupitishia kamba, lifike mikononi mwao, likiwa limepitishiwa kamba ndefu iliyounganishwa ncha zake, nusu ya kwenda na nusu ya kurudi. Pamoja na kapi hilo kilifika kibao kidogo cha mbao kilichoandikwa maelekezo, upande mmoja kwa Kiingereza na upande wa pili kwa Kifaransa. Kiliwaambia wafunge mkia wa kapi kwenye mlingoti, juu kadiri iwezekanavyo. Kama milingoti imekatika, wafunge mahali pazuri kuliko pote watakapopaona. Wahakikishe kamba iliyo ndani ya kapi inapita bila kukwama. Kisha wawape ishara walio nchi kavu.

Walipotoa ishara, wale wa ufuoni waliivuta ile kamba ya mzunguko na kupeleka amari, yaani kamba nene ya kuhimili uzito, nayo ikafungwa na mabaharia juu kidogo ya lile kapi. Ufuoni amari ilikazwa juu ya magogo matatu yaliyoegemezwa pamoja, ili isilale majini. Ndipo lilipopelekwa boya la duara lililoshonewa kaptula ya turubai. Mtu aliingiza miguu yake katika kaptula hiyo, akakaa, akavutwa juu ya mawimbi hadi nchi kavu, na boya likarudi kumchukua mwenzake.

Ukiutazama utaratibu huu hatua kwa hatua, utaona kwamba nusu ya kazi ilikuwa ya wenye kuokolewa. Wao ndio walioipokea kamba ya kwanza, wakakisoma kile kibao, wakapanda mlingoti na kufunga mafundo mawili ambayo maisha yao yote yaliyategemea. Fundo likifungwa chini mno, boya lilipita ndani ya maji na aliyemo akazama. Kamba ikizungushwa vibaya, ilisagika na kukatika. Walio ufuoni wangeweza kuwa mahodari kupita wote, lakini hawakuwa na njia ya kufunga fundo la upande wa pili. Kwa sababu hiyo, Mwingereza wa karne ya 19 aliyeishi pwani na kusikia kwamba rafiki yake amerushiwa kamba alijua kabisa kwamba habari haijaisha.

Je, Wamarekani wana sehemu yao katika historia hii?

Wanayo, na ni kubwa. Mwaka 1848 William Newell, mbunge wa New Jersey, alifanikisha kutengwa kwa dola 10,000 za kununulia vifaa vya uokozi katika pwani ya jimbo lake. Mnamo Januari 1850 meli ya wahamiaji iliyoitwa Ayrshire ilikwama huko ikiwa na watu 202. Kamba ilifyatuliwa, na chombo cha chuma chenye mfuniko, mfano wa mashua iliyofungwa pande zote, kilichobuniwa na Joseph Francis, kikavutwa kwenda na kurudi juu ya kamba hiyo mpaka watu 201 wakafikishwa nchi kavu. Baadaye, miaka ya 1870, afisa wa jeshi David Lyle alibuni mzinga mdogo wa shaba wa kurushia kamba, nao ukatumika katika vituo vya uokozi vya Marekani kwa miongo mingi. Idara ya uokozi iliyoviendesha vituo hivyo iliunganishwa na nyingine mwaka 1915, na muungano huo ndio ukawa walinzi wa pwani wa Marekani.

Tukio ambalo lingestahili kujulikana zaidi ni la kituo cha Pea Island, North Carolina. Kiongozi wake kuanzia mwaka 1880 alikuwa Richard Etheridge, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani na aliyepigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kikosi chake chote kilikuwa cha watu weusi. Usiku wa tarehe 11 Oktoba 1896, jahazi kubwa liitwalo E. S. Newman lilikwama katika kimbunga likiwa na watu tisa, akiwamo mke wa nahodha na mtoto wao wa miaka mitatu. Maji yalikuwa yamefunika ufuo kiasi kwamba hapakuwa na ardhi ya kusimika mzinga wala kuchimbia nguzo. Etheridge akaamuru wanaume wawili wafungwe pamoja kwa kamba nzito, waogelee wakiwa na kamba nyingine ya kufunga kwenye jahazi, huku wenzao waliobaki ufuoni wakishikilia ncha. Wakapokezana, wawili wakichoka wanaingia wengine wawili, hadi wote tisa wakatolewa, mtoto akiwa wa kwanza. Nishani ya dhahabu waliyostahili ilitolewa mwaka 1996, miaka 100 baadaye, wakati wote walikuwa wamekwisha kufariki. Ucheleweshaji huo ni aibu, na haufai kupitwa kimya na mtu anayeandika habari za uokozi.

Je, usemi huu umetoka katika vitabu vya dini?

Hapana. Ni kweli kwamba msomaji wa Biblia atakumbuka nabii Yeremia alivyotolewa katika shimo la matope na Ebedmeleki, Mkushi, ambaye alimshushia kamba pamoja na matambara ya kuweka kwapani ili kamba isimuumize, na Yeremia akayavaa kama alivyoambiwa. Ni kweli vilevile kwamba Waislamu wameamrishwa katika Sura ya Aali Imran kushikamana na kamba ya Mwenyezi Mungu. Mifano hii inaonyesha kwamba kamba kama alama ya wokovu ni ya zamani sana na si mali ya taifa moja. Hata hivyo usemi wa Kiingereza tunaouzungumzia umetokana na kazi za baharini.

Kwa nini huduma nyingi za simu huitwa “lifeline”?

Kwa sababu katika Kiingereza neno “line”, linalotaja kamba, hutaja pia laini ya simu, na mtu aliyekata tamaa akipiga simu usiku akapata wa kumsikiliza, picha ya kamba inamfaa kabisa. Huduma iliyolitangaza jina hili zaidi ilianzishwa Sydney, Australia, mwaka 1963 na mchungaji wa Kimethodisti Alan Walker, baada ya mtu aliyekuwa amempigia simu akiwa katika dhiki kujiua. Marekani ina huduma ya taifa ya aina hiyo ambayo tangu mwaka 2022 hupatikana kwa kupiga 988. Hapa pia maana ya asili imehifadhiwa: anayepokea simu hawezi kutatua matatizo ya anayepiga, ila anaweza kuishikilia ncha ya pili mpaka saa ya hatari ipite.

Watazamaji wengi wa televisheni wanalifahamu neno hili kutokana na shindano la maswali la mamilioni lililoanza Uingereza mwaka 1998 na kuenea duniani kote, ambamo mwanzoni mshiriki alipewa nafasi tatu za kusaidiwa, kila moja ikiitwa “lifeline”. Jibu la mwisho hubaki kuwa lake.

Je, usemi huu una uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo uhusiano mmoja wa kweli, na ni mzito. Baada ya njaa iliyoua watu wengi kusini mwa Sudan mwaka 1988, Umoja wa Mataifa ulianzisha mwaka 1989 mpango ulioitwa Operation Lifeline Sudan, ukiyakusanya pamoja mashirika yake kama UNICEF na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na makumi ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Kituo chake kikuu cha operesheni za kusini kilikuwa Lokichoggio, mji mdogo wa Turkana kaskazini mwa Kenya, ambao kwa miaka mingi uligeuka kuwa na uwanja wa ndege wenye shughuli nyingi. Ndege kubwa za mizigo ziliruka kutoka huko na kudondosha magunia ya nafaka mahali ambapo hapakuwa na barabara. Jina lilichaguliwa vyema, kwa maana mbili. Watu wa chini walilazimika kukimbilia magunia, kuyakusanya na kugawana kwa utaratibu wao. Tena kamba hiyo ilikuwa na ncha mbili kwelikweli, kwa kuwa mpango ulisimama juu ya makubaliano kati ya Umoja wa Mataifa, serikali ya Khartoum na waasi wa SPLM. Mapema mwaka 1998 Khartoum ilipozuia ndege kuruka kwenda Bahr el Ghazal, eneo la kusini mwa Sudan, njaa kali ikawapata watu wa huko, na ikaonekana wazi ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuikata kamba.

Unatofautianaje na semi nyingine za Kiingereza kuhusu kuokoa watu?

“Knight in shining armour”, yaani shujaa aliyevaa deraya inayong’aa, humsifu mwokozi, na anayeokolewa hana kazi ila kusubiri. “Save someone’s bacon” ni kumnusuru mtu na balaa dogo au aibu, na ni lugha ya mitaani isiyofaa katika barua rasmi. “Bail out” hutumika hasa kwa fedha, pale serikali au tajiri anapofidia hasara yote, na mara nyingi huwa na harufu ya lawama kwamba aliyeokolewa hakustahili. Mtu anayeshika chochote kilicho karibu kwa kukata tamaa huambiwa anashika mabua, na huyo sisi tunamjua kwa methali yetu: mfa maji haachi kutapatapa. Tofauti yake na mtu wa usemi wetu ni kwamba huyu wa mabua hajarushiwa kitu na yeyote.

Je, bado kuna kamba zinazorushwa baharini leo?

Zipo. Helikopta zimechukua nafasi ya boya la kaptula, lakini mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini unazitaka meli za biashara kuwa na kifaa cha kurushia kamba chenye angalau roketi nne, kila moja ikiweza kuifikisha kamba umbali wa mita 230 au zaidi hali ya hewa ikiwa tulivu, pamoja na maelezo mafupi au michoro ya namna ya kukitumia. Meli kubwa zinazotia nanga Mombasa na Dar es Salaam husafiri na vifaa hivyo.

Kwa Kiswahili tuuseme vipi?

Inategemea kinachoelezwa. Kama shughuli au taasisi ilikuwa inaporomoka na mtu akaizuia isianguke, tayari tuna kuokoa jahazi, na usemi huo hauhitaji mshirika wa Kiingereza. Kama msaada ni wa kumwinua mtu aliyenasa, kumkwamua kunatosha, na katika habari za biashara ndogondogo kumpiga jeki kunaeleweka na kila mtu. Kumshika mkono hufaa pale uhusiano ni wa karibu na wa upole. Ninaposoma tafsiri zinazoandika tu kwamba benki imemwokoa mkulima, huona kwamba mkulima amenyang’anywa sehemu yake ya kazi. Katika habari ambamo aliyesaidiwa bado ana safari ya kwenda, napendekeza tuandike kwamba amepewa nafasi ya kujinusuru, au tuseme wazi amerushiwa kamba, kwa kuwa msomaji wa Lamu, Pemba au Kigoma haelezwi kamba hufanya nini majini.

Huandikwa neno moja au maneno mawili?

Siku hizi huandikwa neno moja. Katika maandishi ya zamani huonekana likiwa na kistari katikati. Likiandikwa maneno mawili tofauti, mara nyingi hutaja mstari wa kiganjani ambao watabiri husema kwamba huonyesha urefu wa maisha, na huo hauhusiani na uokozi.